Siku Niliomba Musamaha kwa Jina ya Mukubwa

Acha niseme mwenyewe mbele mutu mwingine hajasema, juu hapa Pinga kuko watu wenye walitoka Bihambwe kama miye na wanajua yote: miye njo mutoto mwenye alivua suruali ya waziri katikati ya soko, jua ikiwaka, wamama wote wakiangalia, na mwalimu wa dini akiwa mbele kabisa kwa nafasi ya kuona vizuri. Wenye kutaka kucheka wacheke sasa wamalize, juu habari yenyewe iko refu na kwa suruali njo tutafika mwisho mwisho.

Wakati ule tulikuwa tungali kwetu. Ninasema "kwetu" na ninasikia tena ile ukungu ya asubuhi yenye ilikuwa inalala ndani ya mabonde mupaka ng'ombe zilionekana migongo tu, kama zinaogelea, na harufu ya maziwa ikichemka kwa kila nyumba, na sisi watoto wa masomo tukishuka kilima mbio, vitabu ndani ya mufuko wa plastiki, tukijua kengele imeisha lia na prefe, mukubwa wa masomo, anatungojea na fimbo yake. Hata ile fimbo ninaikumbuka leo kwa mapendo (sikusema irudi).

Basi, kukafika kwetu avoka mumoja wa Goma, mwanasheria mwanamuke, tutamuita Maître Aline. Alikuya na jeep imejaa matope mupaka kwa vioo, amevaa viatu ya bote kama mulimaji, na kazi yake ilikuwa kukusanya maneno ya watu wenye waliona mambo mabaya, juu ya kuyapeleka ku korti ya La Haye, ile korti ya kule Ulaya yenye inahukumu wakubwa wenye hakuna mutu wa inchi yao anasubutu kuwahukumu. Hakuwa anauliza mutu mbele ya watu, hapana. Alikaa ku paroko, kwa nyumba ya mapadri, ndani ya chumba ya nyuma, na mwenye kutaka kusema anaenda polepole, peke yake, kama vile mutu anaenda kuungama. Na hakuna mutu alienda. Watu walisema korti ni kitu ya waizi wa kuku. Waziri ahukumiwe? Na nani? Akae wapi?

Njo Maître akapata mawazo: akaomba masomo yetu tucheze teatre, kesi ya mukubwa kutoka mwanzo mupaka mwisho, watu waone na macho yao kama kiti ya mushitakiwa iko hata kwa wenye kravati.

Sasa musikie vizuri hapa, juu njo roho ya habari. Koko yangu, mama ya baba, alikuwa na neno. (Majina ya watu nimegeuza, na ruhusa ya kuandika nilimuomba yeye mwenyewe, aliniambia niandike tu, kwa umri yake nani atamutisha tena, na nini.) Wakati Mukubwa mumoja wa serikali alishuka kwetu na helikopta, kwa kiwanja ya mupira, na upepo yake ikaangusha goli yetu yenye haikusimamishwa tena, walimupokea nyumbani, kwa lupango ya chefu wa kijiji, na Koko njo alikuwa anapeleka maziwa. Alisimama nyuma ya pazia na chupa zake. Akasikia na masikio yake Mukubwa anaambia komanda: "Upande ule wa mto sitaki kuona nyumba imesimama." Kisha maneno ile, upande ule wa mto uliungua wote, na baba mudogo, muzaliwa wa mwisho wa Koko, alikuwa upande ule.

Wenye waliwasha moto, wengi waliwaona. Lakini ule mwenye alitoa neno, kati ya wenye wangali wazima ni Koko tu alimusikia. Na Maître alikuwa anafasiria kwa kila mukutano: bila mutu mwenye alisikia amri, wadogo watabeba muzigo yote na mukubwa atabakia ndani ya televizio akikata riboni ya kufungua barabara. Koko alinong'oneza miye peke yangu, juu miye njo nilikuwa ninamubebea kiti yake ku kanisa. "Nitaangalia kwanza teatre yenu," akasema. "Nikiona ile korti ni kitu ya watu wazima, nitaenda ku paroko."

Munaona? Nilijua. Wengine wanaweza kusema hawakujua. Miye nilijua.

Nafasi ya waziri nikapewa miye, juu nilikuwa ninatembea kama waziri hata siku nilikuwa ninaenda kuteka maji. Vesti, ile koti ya kuvaa na kravati, na suruali alituazima Papa Kasereka, mufanyabiashara wa upande wa Butembo, mwenye duka ya chumvi na misumari na sabuni na kila kitu Mungu aliumba, Mukatoliki wa kwenda misa ata na homa. Ilikuwa vesti yake ya Pasaka. Papa Kasereka ni mutu wa tumbo. Miye tumbo yangu iko ndani. Tukafunga suruali na kamba ya mbuzi, tukafunika na vesti, nikawa waziri. Dieumerci, rafiki yangu wa benchi moja, akawa jiji, ule muhukumu mukubwa wa La Haye, na shuka nyeusi ya kwaya.

Siku ya teatre Bihambwe yote ilikuwa kwa kiwanja. Na teatre ilikuwa baya! Haki ya Mungu. Prefe alitupa maneno ya kukariri, mingi, na miye kazi yangu ilikuwa kukana tu: "Hapana, Muheshimiwa. Sijui, Muheshimiwa. Sikuwa pale, Muheshimiwa." Watu wakaanza kupiga miayo. Ng'ombe mumoja akalia kule kilimani, watu wakacheka ng'ombe kuliko miye. Mutoto wa kuchekesha watu, anashindwa na ng'ombe! Ile ilinichoma. Nikatupa macho pembeni, nikaona kibuyu ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, yenye Papa Kasereka aliwekea wageni wakunywe kisha. Na murija yake ndani.

Kwa mwenye hajui kwetu: ku baraza, mwenye alikosea mwenzake anapiga magoti, anasema jina yake na kosa yake, anatoa kibuyu na murija moja. Mwenye alikosewa akivuta, imeisha. Hakuna kuirudilia, ata kwa hasira, ata siku ya kulewa. Na kama mwenye kosa ni mutu mukubwa, ao iko mbali, anaweza kutuma mutu na kibuyu kwa jina yake, na inakamata sawasawa.

Nikakamata ile kibuyu. Nikashuka, nikapiga magoti mbele ya wazee (suruali ikaanza kushuka, nikaikaza na kiwiko), nikasema na sauti ya radio: "Miye Mukubwa, mwenye alishuka na helikopta na kuangusha goli yenu, ninaomba musamaha kwa watu wa Bihambwe kwa yote nilitenda upande wa mto, na ninawaomba muvute."

Weee! Kiwanja ikapasuka. Watu walicheka mupaka wakashikana. Nikapita na kibuyu, mutu kwa mutu, ninainama kama mutumishi wa hoteli, na wazee wakavuta, na wamama wakavuta, na Koko akavuta, kidogo, akanishika kichwa na mukono wake wenye siku zote unachagua maharagi. Dieumerci, mwenye alipashwa kunizuia juu yeye njo jiji, akashuka ku kiti yake na shuka yake akavuta pia, akarudia. Maître Aline alikuwa anapiga makofi. Yeye ni mutu wa muji, aliona vichekesho tu. Na miye siku ile nililala nikijiona nyota.

Kisha pale, ku paroko hakuna mutu. Maître akakaa ndani ya chumba yake ya nyuma, mulango wazi, akangojea. Asubuhi inapita, mangaribi inapita. Wakati ninapita pale ninamuona anafuta miwani yake yenye haikuchafuka.

Nikaenda kwa Koko. Alikuwa anachagua maharagi, amenyoosha miguu.

"Koko, utaenda lini?"

"Kwenda wapi?"

"Ku paroko! Kwa Maître!"

Akatupa haragi moja mbovu. "Nilikunywa, mutoto yangu."

"Ulikunywa nini?"

"Musamaha. Haukunipa weye na mikono yako?"

"Lakini Koko, ilikuwa miye! Miye Heri!"

"Ninajua ni weye, sijawa kipofu. Wakubwa wanakuyaka wenyewe lini? Siku zote wanatumaka mutu wa vesti. Weye ulikuwa na vesti."

"Ya Papa Kasereka!"

"Na jeep ya Goma nyuma yako. Na ile avoka anapiga makofi. Nikasema: kumbe. Anaona haya kutuangalia na macho, ametuma kwa njia ya watoto." Mikono ikaendelea na maharagi. "Na nilifurahi kidogo, unajua? Nikasema, ata kama ni hivyo, alikumbuka."

Nikaenda mbio ku paroko, nikamuambia Maître yote, tukiwa wima mulangoni. Alivua miwani.

"Heri," akasema, "unataka kuniambia ulifunga dosie yangu ya kesi na kibuyu?"

"Ndiyo, Maître."

"Wenye kulinda ule mutu na silaha na mapesa hawajafika pale weye ulifika na kasiksi." Na kisha, sauti ndogo: "Siku ya soko ikipita ninarudi Goma. Siwezi kungojea tena."

Soko yenyewe ilikuwa karibu. Nikaenda kwa duka ya Papa Kasereka kurudisha vesti na kulia, nikakuta maneno imeisha enea, watu wanabishana mbele ya mizani.

"Pombe ya teatre haiko pombe," Papa Kasereka akasema. "Ni miye nilinunua, ninajua kitu nilinunua."

"Haikuwa pombe?" Mama Riziki akaruka. Mama Riziki alikuwa anauzisha fromaji, zile jibini za mviringo za kwetu Masisi, na sauti yake ilikuwa inafika kwa muteja mbele ya harufu. "Na nani alilala ndani ya mufereji yangu siku ile akiimba Ave Maria?"

Papa Kasereka akakohoa, akapanga sabuni.

"Musikie," Mama Riziki akasema, "mutu mwenye kutumwa, kibuyu yake inakamata. Mwenye hakutumwa, ule ameiba jina. Na mwizi anafanya nini? Anasimama mbele ya watu anarudisha." Akanigeukia. "Weye waziri. Soko utakuya, na vesti yako. Utarudisha jina ya wenyewe."

Munaona nimeanza kufika kwa suruali.

Siku ya soko walinisimamisha juu ya meza ya Papa Kasereka, kati ya chumvi na betri, na kravati yangu na kamba yangu ya mbuzi. Nilifikiri nitasema neno moja, nishuke. Nikasema: "Wamama, wapapa, ilikuwa muchezo. Miye ni Heri."

"Heri gani?" Mama Riziki akauliza. "Miye ninaona waziri. Ona vesti."

Nikavua vesti. Papa Kasereka akaipokea haraka, akaikunja vizuri, mutu hangejua kama soko inatetemeka na kicheko.

"Suruali ingali ya waziri!" mutu akapiga kelele kule kwa viazi.

"Mama Riziki, ninakuomba..."

"Ku La Haye wanahukumu mutu nusu? Maître, wanahukumu nusu?"

Maître Aline, mwenye alisimama nyuma na bote zake, akasema na uso ya kazi kabisa: "Kitu ya kwanza ku La Haye ni kuhakikisha mushitakiwa ni nani." (Nilimusamehe, lakini ilichukua wakati.)

Nikafungua kamba. Na ndani, wapendwa, juu suruali ya Papa Kasereka ilikuwa pana na upepo ya kwetu ni baridi, nilivaa kaputula ya dada yangu mudogo. Ya rangi ya waridi. Na vipepeo. Kipepeo kubwa ilikuwa nyuma, niligeuka kujificha upande wa duka njo walikiona. Kuku zilikimbia juu ya kelele. Mwalimu wa dini akaketi chini.

Nilifikiri imeisha. Ilikuwa inaanza! Juu kaputula haionyeshe mutu ni nani, Mama Riziki akasema, na wakaanza kuniuliza mambo yenye Heri peke yake anaweza kujua. Nani alikula fromaji yenye ilikuwa inakauka juu ya dari? Miye. Nani alitia chura ndani ya mufuko ya mwalimu wa dini, siku ya ubatizo? Miye na Dieumerci. (Dieumerci akaanza kurudi nyuma polepole, wakamukamata na shati.) Nani aligonga kengele ya masomo siku ya mutihani tukarudi nyumbani wote? Ile prefe mwenyewe aliuliza. Miye. Na kwa kila jibu soko inaitika: "Njo yeye! Njo Heri!" Nilihukumiwa siku ile kuliko mukubwa yeyote wa dunia hii, bila avoka, na vipepeo.

Kisha nikasikia sauti ya Koko. Alitokea kule kwa maharagi, watu wakamupisha, akasimama chini ya meza, akaniangalia juu.

"Ule Mukubwa alikutuma?"

Kicheko ikakatika. Nilisikia mizani ya Papa Kasereka inalia, kii, kii, kwa upepo.

Nilitaka kusema kitu ya kuchekesha. Niliitafuta kabisa, nikaikosa. "Hapana, Koko," nikasema. "Hakunituma."

"Alituma mwingine?"

"Hakutuma mutu. Hakuomba musamaha kwa mutu, Koko. Ata siku moja."

Na wakati ninasema vile niliona kwa uso yake ile furaha kidogo yenye aliniambia, ile ya kusema "alikumbuka", inatoka. Miye nilimupa, na miye niliitoa. Kaputula ya vipepeo ilikuwa bure mbele ya ile. Koko akakaza kitenge yake, akatema mate chini, mbali, kama kijana, kurudisha ile kasiksi. "Basi," akasema, "ile maneno ingali."

Na wazee wenye walivuta wakatema pia, mumoja mumoja, na wamama, na Papa Kasereka ndani ya kitambaa yake juu yeye ni mutu wa heshima. Kisha Mama Riziki akasema kwa sauti ya kila siku, "Fromaji! Fromaji ya leo!" na soko ikarudi soko.

Asubuhi yake Koko akaweka maharagi ndani ya kitunga kama mutu anaenda kuuzisha kwa mapadri, akanipa kiti nibebe. Nilibakia inje na ndama za paroko. Alikaa kule ndani murefu, mupaka ndama zikachoka kunilamba. Wakati alitoka, hakuniambia kitu alisema, akauliza tu kama nilimubakizia kiazi. Sikubakiza. Nyuma yake nikaona muzee mumoja anapita njia ya migomba na mayai ndani ya kofia, na mama mumoja na kuku, wote wanaenda "kuuzishia mapadri". Maître hakurudi Goma siku ile, wala yenye iliifuata, na alirudi jeep imejaa maharagi yenye hakuwa na namna ya kukataa.

Kisha vita ikakuya tena, na sisi tukakimbia, wengine wakashuka upande wa Mubambiro, sisi tukapita musituni mupaka Walikale, na leo tuko Pinga, kwa shangazi. Dieumerci sijui iko wapi. Mama Riziki wanasema anauzisha makala ya kupikia Goma, na sauti ingali. Hapa hakuna ukungu ya maziwa, na fromaji nikiifasiria wenzangu wa darasa wanafikiri ninadanganya. Kuko siku ningekubali kusimama tena juu ya ile meza, na vipepeo vyote, nisikie tu soko nzima inajibu jina yangu.

Lakini kuigiza mukubwa, hapana, nimeapa. Juzi masomo ya hapa yalitaka teatre, wakanipa nafasi ya gavana juu ya namna ninatembea. Nilikataa. Nikaomba kuwa mulango.

Mukubwa mwenyewe iko ndani ya televizio ya baa, amenona, anakata riboni. Maître anatupigia simu wakati rezo, ile netiweki, iko, anasema dosie inatembea, kule mambo inaendaka polepole sana. Jumapili alipiga tena, nikamupa Koko simu, akaishika mbele ya kinywa kama kibiriti.

"Wameisha kumuita?" akauliza.

"Bado, Mama. Lakini watamuita."

"Basi mukimuita," Koko akasema, "mumuambie akuye mwenyewe."